Siku Moja Kwenye Pwani ya Atlantiki: Kutoka Cape Town Hadi Rasi ya Tumaini Jema

Mtu wa kwetu akifika Cape Town huwa amekuja na shughuli yake: mkutano, masomo, biashara, au kumuuguza ndugu. Shughuli ikiisha, mara nyingi hubaki siku moja kabla ya ndege ya kurudi. Itumie siku hiyo kuizunguka rasi. Panda gari na mwongoza watalii, mshuke kusini kwa barabara ya upande wa Atlantiki, mfike Rasi ya Tumaini Jema, kisha mrudi mjini kwa upande wa pili, ule wa ghuba ya False Bay. Mzunguko wote ni takribani kilomita 150, na ukiondoka mapema unarudi kabla ya giza.

Safari hii inauzwa kila kona ya jiji, na nyingi zinazouzwa ni orodha ndefu ya vituo vya dakika kumi kumi: teremka, piga picha, panda. Pwani hii haistahili kupitwa hivyo. Ina miamba, mikondo na mimea ya aina yake, na ina kaburi la baharini la watu waliochukuliwa kutoka upande wetu wa Afrika. Mwongozo huu unakusaidia kuchagua vituo vichache na kuvipa muda wake.

Kumpata mwongozaji

Kwa sheria ya utalii ya Afrika Kusini ya mwaka 2014, anayelipwa kuongoza watalii lazima awe amesajiliwa, na akiwa kazini huvaa beji na kubeba kitambulisho chake. Omba uvione kabla ya kulipa. Mwenye navyo hachukii kuulizwa. Jijini humo wanaishi Wakongo wengi, wakiwemo wa mashariki wanaozungumza Kiswahili, na si ajabu kumpata dereva wa lugha yako. Ni raha kubwa, lakini beji iulizwe vilevile.

Kama mko wanne, kukodi gari lenu na mwongozaji wenu mara nyingi hakuzidi sana gharama ya viti vinne kwenye basi la kikundi, na hapo ratiba inakuwa yenu. Muulize mambo haya kwa simu kabla hamjakubaliana:

- Tutakaa saa ngapi ndani ya hifadhi ya Rasi ya Tumaini Jema? Akisema pungufu ya saa tatu, omba aongeze au tafuta mwingine.
- Bei inajumuisha kiingilio cha hifadhi, kiingilio cha pengwini na tozo ya barabara ya Chapman's Peak?
- Barabara hiyo ikifungwa, tutapita wapi?
- Unaweza kutusimamisha Clifton utueleze habari za São José, meli ya watumwa iliyozama pale?

Swali la mwisho ndilo kipimo. Anayeijua habari hiyo ameisoma pwani yake, na mengine atakueleza vizuri pia.

Jambo moja la pesa ambalo wengi hulisahau: hifadhi za taifa za Afrika Kusini zina bei tatu, ya raia, ya wananchi wa nchi za jumuiya ya SADC, na ya wageni wengine. Mtanzania na Mkongo wamo katika SADC. Beba pasipoti yenyewe uionyeshe getini, vinginevyo utatozwa bei ya juu. Mkenya na Mganda hulipa bei ya wageni wengine, hivyo waipange kwenye bajeti mapema.

Msimu, upepo na maji

Kuanzia Oktoba hadi Machi, muda ambao kwetu sehemu yake kubwa ni msimu wa kaskazi, kule huvuma upepo mkali wa kusini-mashariki. Ni majira yao ya joto: anga safi, siku ndefu, na upepo wa kuweza kukuvua kofia na miwani. Juni hadi Agosti ni baridi na mvua, huvuma pepo za kaskazini-magharibi, na mawimbi makubwa hufika kutoka Bahari ya Kusini. Miezi ya katikati, Aprili na Mei, au Septemba, huwa na siku tulivu zaidi. Ukienda kati ya Juni na Novemba una nafasi ya kuwaona nyangumi wakiwa False Bay, tena kutoka barabarani.

Usidanganyike na jua ukadhani maji ni ya kuoga. Upande wa Atlantiki maji huwa kati ya nyuzi 10 na 15 hivi za Selsiasi, na mara nyingi huwa baridi zaidi wakati wa joto. Sababu ni ule upepo wa kusini-mashariki: unayasukuma maji ya juu kwenda mbali na nchi kavu, na maji ya kilindini, baridi kabisa, yanapanda kujaza nafasi. Maji hayo yamejaa virutubisho, ndiyo maana pwani ile ina samaki, sili, ndege na misitu ya mwani mkubwa.

Mtu aliyekulia Tanga au Unguja amezoea bahari inayokupwa mbali na kurudi taratibu. Kule tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo kuliko kwetu, na hatari iko kwenye mawimbi. Dhoruba iliyo mbali kusini hutuma wimbi linalofika siku ya pili, jua likiwaka na upepo ukiwa umetulia, likapanda mwamba uliokuwa mkavu saa nzima. Usiipe bahari mgongo ukiwa kwenye miamba, wala usimsimamishe mtoto kwenye mwamba uliolowa kwa ajili ya picha.

Vya kubeba

Vaa nguo za tabaka: fulana, sweta, na koti la kuzuia upepo juu yake. Viatu viwe vya kufunga, vyenye soli isiyoteleza. Mafuta ya kukinga jua, maji ya kunywa, na dawa ya kichefuchefu kama utapanda boti. Vyakula vikae ndani ya mkoba uliofungwa, na mkoba ukae ndani ya gari lililofungwa. Sababu ni nyani, nao tutawafikia.

Asubuhi: Clifton, Oudekraal

Ondokeni saa 1:30 asubuhi. Magari ya kule hupita kushoto kama ya kwetu, usukani ukiwa kulia, na mkishuka kusini bahari itakuwa mkono huo huo wa kulia. Kaa nyuma ya dereva.

Kituo cha kwanza kiwe Clifton. Wengi hukipita kwa kutazama nyumba za matajiri zilizopangwa juu ya fukwe nyeupe. Wewe simama, utazame maji. Karibu sana na ufuko huo, tarehe 27 Desemba 1794, meli ya Kireno São José Paquete de Africa iligonga miamba usiku na kuvunjika. Ilikuwa imetoka Kisiwa cha Msumbiji ikienda Maranhão, Brazili, ikiwa na watumwa zaidi ya 400. Watu 212 walikufa majini. Waliookolewa waliuzwa tena papo hapo Cape.

Kisiwa cha Msumbiji ni bandari ya pwani yetu ya Bahari ya Hindi, na bara inayokikabili ni nchi ya Wamakua, watu ambao leo wako pia Masasi na Tunduru. Kwa hiyo msomaji wa Kiswahili akisimama Clifton hatazami historia ya watu wa mbali.

Namna meli hiyo ilivyotambuliwa inafaa kuijua ukiwa pale pale. Wapiga mbizi walikuta vipande vya chuma vizito vya mstatili. Meli ya bidhaa haihitaji vyuma vingi hivyo, kwa kuwa mzigo wenyewe unaituliza. Mzigo wa binadamu ni mwepesi na unasogea, ndiyo maana wafanyabiashara wa watumwa walipakia chuma tumboni mwa meli kuleta uzani. Nyaraka zilizokuwa Lisbon zilionyesha kuwa São José ilipakia zaidi ya vipande 1,400 vya aina hiyo, na ushahidi wa nahodha ulipatikana katika kumbukumbu za Cape. Habari hizi zilitangazwa mwaka 2015. Katika kumbukumbu ya mwaka huo, udongo ulioletwa kutoka Mossuril, ng'ambo tu ya Kisiwa cha Msumbiji, ulishushwa mahali meli ilipozama. Kama una nafasi ya saa mbili mchana wa siku inayotangulia safari, pita kwanza jumba la makumbusho la Slave Lodge katikati ya jiji. Jengo lenyewe lilianzishwa mwaka 1679 kuwa makao ya watumwa wa kampuni ya Kiholanzi.

Baada ya Camps Bay, barabara inapita chini ya vilele viitwavyo Mitume Kumi na Wawili. Hapo, eneo la Oudekraal, juu ya barabara kuna kaburi la Sheikh Noorul Mubeen, mmoja wa masheikh waliohamishwa na Waholanzi kutoka Asia na kuletwa Cape. Makaburi kama hayo huitwa kramat, na yamelizunguka jiji na vitongoji vyake. Ngazi za kupandia zipo. Vaa kwa heshima, vua viatu mlangoni, ongea kwa sauti ya chini. Mwislamu atasoma dua yake. Asiye Mwislamu atapata mahali tulivu pa kuitazama bahari kutoka juu.

Hout Bay

Hii ni bandari ya wavuvi yenye harufu ya samaki na kelele za ndege. Boti za kwenda kisiwa cha Duiker kutazama sili huondoka hapa, na asubuhi ni bora kwa sababu upepo haujapanda. Safari yote haichukui saa nzima. Mwulize nahodha hali ya mawimbi nje ya ghuba. Akisita, acha, maana sili utawaona hata hapa bandarini, wakielea kando ya magati wakisubiri matumbo ya samaki. Usimlishe sili kwa mkono hata kama mtu anakushawishi kwa malipo kidogo. Ni mnyama mzito mwenye meno ya mbwa.

Chapman's Peak

Kutoka Hout Bay hadi Noordhoek kuna kilomita 9 za barabara yenye kona 114, iliyochongwa kwenye ubavu wa mlima kati ya mwaka 1915 na 1922. Hulipiwa tozo. Mvua kubwa ikinyesha au mawe yakianza kuporomoka hufungwa, na hapo njia mbadala ni ya mlimani, Ou Kaapse Weg. Hakikisha asubuhi ile ile.

Mwambie dereva asimame kwenye kituo cha kutazamia cha juu, kisha utazame ukuta wa mlima badala ya bahari. Chini kuna mwamba wa graniti wa kijivu, mgumu, wenye chembe kubwa nyeupe unazoweza kuziona bila miwani. Juu yake kuna matabaka membamba ya mchanga na matope yaliyogeuka jiwe, rangi ya kahawia iliyoiva, yamelala moja juu ya jingine. Mstari unaotenganisha miamba hiyo miwili unakwenda sambamba na barabara kwa kitambo kirefu, na hilo halikutokea kwa bahati. Wajenzi waliufuata: graniti ikawa msingi imara, na matabaka laini ya juu yakawa rahisi kukata. Graniti hiyo ina umri wa zaidi ya miaka milioni 500. Ulaini wa matabaka ya juu ndio uliorahisisha ujenzi, na ndio unaofanya mawe yaporomoke hadi leo.

Kama unapenda kupiga picha kuliko kupanda boti, mpangilio ugeuzwe: anzeni na pengwini, kisha hifadhi, mrudi kwa Chapman's Peak alasiri. Jua litakuwa magharibi, juu ya bahari, na upande wenu wa kushoto ndio utakuwa ukingoni mwa maji.

Noordhoek na Kommetjie

Chini ya mlima kuna ufuko mweupe wa kilomita kadhaa. Mwaka 1900 meli mpya ya mvuke iitwayo Kakapo, katika safari yake ya kwanza, ilipanda juu ya mchanga huo. Nahodha aliuona mlima wa Chapman's Peak akadhani ndiyo Rasi ya Tumaini Jema, akakata kona mapema. Mabaki yake ya chuma yamo mchangani mpaka sasa. Kuyafikia kwa miguu ni mwendo mrefu. Nendeni kwa kikundi, msibebe vitu vya thamani.

Kama hamna muda huo, simameni Kommetjie, karibu na mnara wa taa wa Slangkop, mwangalie mwani uliotupwa ufukweni. Wanawake wa Paje na Jambiani wanaofunga mwani kwenye kamba wangeshangaa: huu una bua nene kama mkono, na ukiwa majini huweza kuzidi meta 10. Okota kipande kikavu ukikate ncha. Ndani ni kitupu, na ukikipuliza kinalia kama baragumu.

Mkiendelea mtapita karibu na mtaa wa Ocean View. Mwulize mwongozaji ulivyoanza. Mwaka 1967 serikali ya ubaguzi wa rangi iliutangaza mji wa Simon's Town kuwa wa Wazungu, na familia zilizoishi kule kwa vizazi zikaondolewa. Nyingi zilihamishiwa hapa. Mchana mtafika Simon's Town penyewe, na habari hii itakufanya uutazame kwa jicho jingine.

Ndani ya hifadhi: kaa hapa

Kabla ya geti, jaza mafuta na uende msalani. Ndani, funga madirisha kila penye nyani. Nyani hawa wamejifunza kufungua milango ya magari na kunyakua mikoba. Usile nje karibu nao, na akichukua kitu usimnyang'anye.

Mimea mifupi unayoiona pande zote huitwa fynbos. Eneo la mimea la Cape, ambalo liliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2004, lina aina zipatazo 9,000, na zaidi ya theluthi mbili hazioti penginepo duniani. Humo mna mbuni, pofu na pundamilia wa milimani. Mwambie mwongozaji asimamishe gari mahali halali, mwiname mtazame chini: ndani ya hatua chache utaona aina nyingi za maua.

Kwenye Rasi yenyewe kuna kibao cha mbao na foleni ya kupiga nacho picha. Kinasema hapo ndipo ncha ya kusini-magharibi kabisa ya Afrika, na ni kweli. Ncha ya kusini kabisa ni Rasi ya Agulhas, yapata kilomita 150 kusini-mashariki, na huko ndiko mpaka rasmi wa Bahari ya Hindi na Atlantiki. Anayekuonyesha "mstari" wa bahari mbili akiwa Cape Point, ncha iliyo jirani, anakufurahisha tu.

Lakini maji yenyewe yana habari iliyo bora kuliko mstari. Mkondo wa Ikweta wa Kusini huvuka Bahari ya Hindi kuelekea Afrika na kugawanyika. Tawi moja hupanda kaskazini kupita Mtwara, Unguja na Mombasa. Maji mengine huteremka kusini, na kupitia mlango wa Msumbiji na mashariki ya Madagaska hulisha mkondo wa Agulhas, ambao hufika na joto lake hadi kusini mwa bara. Upande wa Atlantiki mkondo wa Benguela hupanda kaskazini ukiwa baridi. Ndiyo maana baharini kwetu kuna matumbawe, na hapa kuna sili na pengwini.

Kutoka kwenye kibao kuna njia ya miguu inayopanda juu ya majabali, ikipita juu ya ufuko wa Dias, hadi maegesho ya Cape Point. Ni mwendo wa saa moja hivi kwa mtu asiye na haraka. Dereva awasubiri upande wa pili. Huu ndio mwendo wa kuulipia siku nzima: upande wa chini maji ya kijani yanapasuka kwenye miamba, na minandi wanapita chini yenu. Asiyeweza kutembea aende kwa gari, kisha apande kwa kigari cha reli hadi karibu na mnara wa taa.

Mnara huo wa juu ulianza kuwaka mwaka 1860, meta 238 juu ya bahari, na urefu huo ukawa kasoro yake. Ukungu uliufunika mara kwa mara. Aprili 1911 meli ya Kireno Lusitania, ambayo siyo ile ya Kiingereza iliyozamishwa vitani mwaka 1915, iligonga mwamba wa Bellows hapo chini. Baada ya hapo ukajengwa mnara mpya chini zaidi, meta 87 tu juu ya maji, ukakamilika mwaka 1919.

Mkitoka, tafuteni misalaba miwili ya kumbukumbu ya Bartolomeu Dias na Vasco da Gama. Dias aliizunguka rasi mwaka 1488. Da Gama alipita Novemba 1497, na Aprili 1498 alikuwa Mombasa, kisha Malindi, alikopewa rubani wa kumvusha hadi India. Aliyeiona nguzo ya da Gama pale Malindi ataitambua jamaa yake hapa. Njia iliyofunguliwa kwenye rasi hii ndiyo iliyowaleta Wareno kwetu, na ndiyo São José iliyoifuata karne tatu baadaye ikiwa na shehena yake.

Kurudi kwa Simon's Town

Pengwini wa ufuko wa Boulders, Simon's Town, walianza na jozi mbili tu mwaka 1982. Leo ni kundi kubwa linalotazamwa kutoka kwenye njia za mbao, na sauti yao ni ya punda anayelia. Mwaka 2024 pengwini wa Afrika aliorodheshwa kuwa yuko hatarini kabisa kutoweka, hasa kwa kukosa dagaa anaowategemea kwa chakula. Usitoke kwenye njia, usimguse, na chungulia chini ya gari kabla ya kuondoka.

Chakula si shida kwa anayetafuta halali, maana Waislamu wa Cape ni wengi na migahawa huweka alama. Kula samaki wa kukaanga na chipsi Simon's Town au bandari ya Kalk Bay, na ukikuta snoek aliyekaushwa kwa moshi, mjaribu. Simon's Town una msikiti wa zamani kwa anayetaka kuswali. Mwongozaji akifanya kazi nzuri, bakshishi ya asilimia 10 ni ya kawaida.

Muda ukibana

Utabana, kwa sababu ya foleni, upepo au mtoto aliyechoka. Acha boti ya sili kwanza, kisha foleni ya kibao, kisha kigari cha reli. Usiache Clifton, ukuta wa Chapman's Peak, wala njia ya miguu juu ya ufuko wa Dias. Vitaje vituo hivyo vitatu kwa mwongozaji asubuhi, kabla gari halijawashwa, ili ikifika saa ya kupunguza awe anajua kisichopunguzwa.